Simbilisi Aliyenona Jikoni

Tangu nistaafu, simu yangu imegeuka zahanati ya wanyama. Juzi kijana mmoja wa hapa hapa Miyuji kanitumia picha ya mbwa wake ameketi mbele ya sahani: tikiti limekatwa vipande, karoti, ndizi, na pembeni kichala cha zabibu, utadhani anapokewa mgeni wa serikali. Chini kaandika, "Shikamoo Mama Mifugo, nimepatia?" Nikamjibu: marahaba mwanangu, tikiti sawa ukitoa mbegu, karoti sawa, ndizi kidogo, zabibu ziondoe sasa hivi kabla sijavaa viatu nikaja mwenyewe.

Nikaona niwaandikie wote kwa pamoja, maana maswali yenu yanafanana na vidole vyangu vimechoka kubonyeza. Kazi ya mifugo nimeifanya mkoa huu tangu nikiwa binti mwembamba wa Mpwapwa mpaka nikawa mama wa kiuno hiki mnachokiona. Nimechanja ng'ombe, nimezalisha mbuzi, nimepigwa mateke na punda ambao hawakuwa hata wagonjwa. Lakini nikiwa nimekaa barazani jioni, kinachonijia kichwani si ng'ombe. Ni mnyama mdogo asiye na mkia, na kitako cha pilipili hoho.

Nitafika huko. Ninyi watu wa siku hizi hamna subira.

Zamani zetu hakuna aliyeuliza mbwa ale tunda gani. Mbwa alikula ukoko wa ugali, siku njema akapata kichwa cha dagaa, akalala. Ungemwambia mtu ampe mbwa karoti, angekuuliza kama watoto wako wameshiba. Kisha mji ukakua, wafanyakazi wakahamia, na kila lori la vyombo likashuka na mnyama mwenye jina na mto wake wa kulalia. Ghafla mimi mtu wa ng'ombe nikawa naitwa kumwangalia paka aliyekataa papai.

Huyo paka kweli alikuwepo. Mwenye paka, bwana mmoja mpole, alikuwa ameacha nyama kwa ushauri wa daktari, akaona si haki ale mboga peke yake. Akamwekea paka mchicha na maboga. Paka alivumilia kwa siku chache, halafu akaanza kuwamaliza vifaranga wa jirani. Nikamwambia yule bwana, paka si mbuzi. Mwenyezi Mungu alimuumba na nyama akilini. Boga la kuchemsha kijiko kimoja juu ya samaki wake halidhuru, hata choo kinamlainika, lakini usimfungishe mfungo wako. Bwana alinuna kidogo, vifaranga wakapona.

Na zabibu, jamani. Sisi watu wa Dodoma zabibu ni fahari yetu, mgeni haondoki bila kichala. Sasa mgeni akiwa mbwa, naye tunampa. Dada mmoja alihamia hapa na kimbwa cha manyoya meupe, majirani wakamkaribisha kwa ndoo nzima, naye kwa upendo akakigawia. Jioni kinatapika, kesho yake hakikojoi. Daktari wa wanyama alikitundikia dripu mpaka kikasimama, na yule dada akawa analia kuliko mbwa. Figo za mbwa na zabibu haziivi chungu kimoja. Na vitunguu vivyo hivyo, hata vile vilivyojificha kwenye mchuzi wa jana mnaommwagia mkidhani mnamwonea huruma. Mpeni karoti, mpeni tikiti, mpeni boga lililoiva bila chumvi, kidogo kidogo, kama mtu anavyoonja. Tunda kwa mbwa ni kionjo. Sahani yake ibaki sahani yake.

Haya mengine mtayasoma popote. Lililo gumu ni lile alilonifundisha Mzee Ndahani, aliyekuwa mkubwa wangu nilipoanza kazi. Alikuwa mtu mfupi, mkali, na alitembea na kigoda kimefungwa nyuma ya pikipiki. Alikuwa akisema, "Binti, usimuulize mwenye mnyama anamlisha nini. Atakwambia anachopenda usikie. Mwombe alishe mbele yako, wewe kaa kwenye kigoda ufunge mdomo." Mara ya kwanza nilimwona mjuaji tu. Kisha tukaenda kwa mtu mmoja ambaye mbwa wake alikuwa amekonda, naye akaapa kwamba mbwa yule anakula nyama kila siku. Tukakaa. Sahani ikatoka kweli, ina nyama kweli, ikapita kwa wajukuu kabla ya kumfikia mbwa, na ilipomfikia mbwa ilikuwa ya kulamba. Mwenye nyumba hakusema uongo. Hakuwa amewahi kuifuata sahani yake mpaka mwisho.

Kigoda kile Mzee Ndahani alinirithisha. Na ndicho nilichokwenda nacho Ihumwa.

Kule Ihumwa, karibu na reli, alikuwepo mjane mmoja, Bibi Penina, mwimbaji wa kwaya mwenye sauti ambayo haikuhitaji simu. Mtu mmoja alikuwa amemuuzia simbilisi, wale wanyama wadogo wa manyoya mnaowaona kama panya waliosahau mikia, ili afuge apate kitoweo. Kufuga akafuga, kula akashindwa. "Nitamlaje mtu anayeniitikia?" Akawapa majina ya wenzake wa kwaya: Damari, Yunisi, Mama Ezekieli. Jioni alikaa nao uani anawaimbia, wao wanapiga kelele zao za filimbi, na mtu asingejua nani anaongoza.

Siku simbilisi Mama Ezekieli alipokufa, Bibi Penina alilia kwa kumtaja jina, na majirani wakaja mbio wamejifunga kanga kiunoni tayari kwa msiba. Walimkuta Mama Ezekieli mwenyewe, mtu mzima, ameketi pale anamfariji mwenzake. Tulicheka sana. Lakini baada ya huyo akafa mwingine, na mwingine, na watu wakaacha kucheka.

Nyumba hiyo Bibi Penina aliishi na mkamwana wake, Zaituni, binti wa Kirangi kutoka milima ya Kondoa. Mumewe, Yohana, ndiye mtoto wa mwisho wa bibi, ni dereva wa lori, nyumbani hupita kama mvua zetu. Bibi Penina hakumtaka Zaituni tangu mwanzo. Alisema ni wa dini nyingine, alisema ni mkimya mno, lakini ukimsikiliza vizuri, lililomkera zaidi lilikuwa la jikoni. Zaituni alipika mboga za kukaanga, hoho na nyanya na kabichi, wakati bibi yule kalelewa na mlenda. "Mboga isiyo na utelezi," alikuwa akiniambia, "inashukaje kooni?"

Nilipigiwa simu wakati wa kiangazi, vumbi limesimama na kila jani limekuwa la kahawia. "Mama Mifugo, njoo na dawa, na njoo na macho."

Nikafika. Nikaweka pikipiki kivulini, nikaamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo uone nilivyorogwa."

Kwenye banda simbilisi walikuwa wamejikunyata. Manyoya yamesimama, magoti yamevimba, wanatambaa kama watu wazima waliolala vibaya. Nilipomwinua Damari alilia kwa maumivu. Hakuna viroboto, hakuna kuhara, na matumbo hayakuwa ya njaa.

"Sasa njoo huku," Bibi Penina akanishika mkono, akanivuta mpaka jikoni. Chini ya meza, ndani ya boksi, alikuwemo simbilisi dume, mnene, anang'aa kama kapakwa mafuta. Alikuwa mgomvi, akiwang'ata wenzake, bibi akamfukuza bandani akamtupa jikoni kwa adhabu. Zaituni alimwita Mkorofi.

"Unaona? Wangu wanakufa, wa kwake ananona. Maji ni yale yale, nyumba ni ile ile. Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe ni mtaalamu, na neno lako Yohana analiheshimu. Mpigie umwambie ni sumu."

Zaituni alikuwa amesimama mlangoni, anasikia kila neno. Nyuma ya mlango niliona begi lake limefungwa. Yohana alikuwa amempigia tayari: mke wangu, nenda kwenu Kondoa kwanza mpaka hasira ya mama ipoe, kesho asubuhi kuna basi. Vijana, ninyi mnaweza kuona ni jambo dogo. Mwanamke akirudishwa kwao na jina la mchawi, hasira inaweza kupoa, jina halipoi. Mahari yake, ndoa yake, wadogo zake wanaosubiri kuolewa, vyote vinapakwa masizi yale yale.

Nikamuuliza binti, "Unawapa nini?"

"Mama, wale wa bandani sijawahi hata kuwagusa," akasema polepole. "Nawaogopa. Huyu wa hapa namtupia tu kitu anyamaze."

"Kitu gani?"

Akainua mabega. "Chochote. Taka."

Neno lile halikumsaidia. Bibi Penina aligeuka akanitazama kwa macho ya mtu aliyeshinda kesi. Mimi ningesema si sumu, angeniuliza ni nini basi. Kusema sijui mbele ya bibi yule kulikuwa ni sawa na kumpandisha Zaituni kwenye basi kwa mikono yangu. Nikafanya nilichofundishwa. Nikaenda kufungua kigoda kwenye pikipiki.

"Mama," nikamwambia, "wewe walishe wa kwako, na Zaituni apike chakula cha mchana, kama siku zote. Mimi ni mgeni, nimechoka, naomba nikae hapa mlangoni."

Kutoka mlangoni pale niliona uani na jikoni kwa pamoja.

Bibi Penina aliingia ndani akatoka na kiroba, na alivyokibeba ungedhani kabeba mtoto wa ubatizo. Mlenda. Wakati wa mvua alikuwa amechuma majani siku baada ya siku, akayaanika juu ya bati kwenye jua letu lile lisilo na huruma, yakakauka yakasagika, akayahifadhi. Majani ya kunde hivyo hivyo. Ndivyo mama yake alivyofanya na bibi yake kabla yake, na ndivyo kaya za huku zilivyovuka kiangazi tangu hapo. Wakati wengine wanawatupia wanyama wao mabua, yeye aliwagawia simbilisi akiba yake mwenyewe ya mboga. Akachanganya na pumba, akamimina maji ya vuguvugu, akawawekea. "Hawa wanakula ninachokula mimi," akasema. Alikuwa anawapenda kweli.

Jikoni, Zaituni akatoa kisu. Kisu kilipogusa tu ubao, Mkorofi akaanza kupiga filimbi boksini, kelele ya kupasua kichwa. Zaituni, bila hata kutazama chini, akakata kitako cha hoho akakitupa. Kimya. Akamaliza hoho, akashika nyanya, filimbi tena, ganda la nyanya likashuka. Kisha jani la nje la kabichi. Kisha, alipomaliza kula chungwa lake, ganda na nyuzi zake nyeupe. Mkorofi alipokea kila kitu kwa zamu kama mpokea zaka.

Nikasimama. Nikamchukua Damari, nikamfungua mdomo kwa kidole kidogo. Fizi zilikuwa nyekundu, na nilipozigusa, damu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye somo. Mbuzi, ng'ombe, mbwa, paka, hata sungura, miili yao inajitengenezea vitamini ile iliyomo kwenye chungwa. Simbilisi hawezi. Katika hilo yuko kama mimi na wewe: asipoila, ananyong'onyea, viungo vinavimba, fizi zinatoka damu, mwisho anakufa na tumbo limejaa. Na jua linalokausha mlenda huondoka na karibu yote ya vitamini ile. Wakati wa mvua Bibi Penina aliwakatia majani mabichi wakastawi. Kiangazi kilipoingia akawapa yaliyokauka, mengi, kwa moyo mweupe, nao wakawa wanakwisha. Yule aliyefukuzwa ndiye aliyekuwa anakula mboga mbichi kila siku.

Nikamweleza Bibi Penina hivyo hivyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kicheko kikavu. "Mama Mifugo, mimi nimekula mlenda mkavu tangu niache ziwa. Fizi zangu hizi hapa." Akanionyesha. Meno yalikuwa yote, sikatai.

"Mama, huo mlenda unaupika na nini?"

"Na nyanya."

"Na msimu wa maembe unakaa mbali nayo?"

Akakifunga kiroba chake cha mlenda. Halafu akasema, "Hata kama. Mikono ya huyu isiguse chakula cha wanyama wangu."

"Isiguse," nikasema. "Walishe wewe. Nunua hoho na machungwa mwenyewe, kata mwenyewe. Wape kila siku, na wale wasioweza kutafuna wadondoshee maji ya chungwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nakuachia hili hapa. Ila nina ombi moja. Basi la kesho liende bila Zaituni. Nitarudi Jumamosi ijayo. Kama hakuna aliyenyanyuka, nitampigia Yohana mwenyewe mbele yako."

Bibi alimtazama mkamwana wake, akatazama begi. "Jumamosi," akasema. "Begi libaki lilivyo."

Nilipanda pikipiki nikijifanya nina uhakika. Magonjwa yana adabu zake mbaya: unaweza kuwa umepatia kabisa na mgonjwa bado akafa kwa sababu ulichelewa. Na kweli, katikati ya wiki simu ikalia. "Yunisi amekufa," Bibi Penina akasema, akakata. Nilishindwa kumaliza chai yangu. Akilini nilimwona yule binti amekaa dirishani kwenye basi, amelipakata begi, anapita Chemba anarudi kwa mama yake. Nikapiga tena nikamwomba bibi jambo moja tu: aendelee mpaka siku tuliyokubaliana. Hakukataa.

Jumamosi nilifika mapema kuliko adabu inavyoruhusu. Hata kabla sijazima pikipiki nikasikia filimbi. Si moja, kundi zima. Damari alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, ameshika wavu wa banda, anadai haki yake. Magoti yalikuwa bado mazito lakini anakimbia, anateleza, anakimbia tena. Nilicheka peke yangu uani pale kama mwehu. Katika kazi yangu yote sijui kama nimewahi kufurahi namna ile kwa mnyama asiyefika hata kilo mbili.

Bibi Penina alitoka na chungwa mkononi. Wanawake wa umri wake, vijana, neno "samahani" hawakulizoea, hasa kwa mkamwana. Akachukua kisu, akalikata chungwa katikati. Nusu akaichambua akawapelekea wanakwaya wake. Nusu nyingine akaingia nayo jikoni, akaiweka juu ya ubao mbele ya Zaituni, akatoka bila kusimama.

Ule mlenda wa simbilisi alinipa wote, kiroba kizima. Nilikula kiangazi chote, na kila mara nikijipa chungwa baada ya chakula kwa hofu ya fizi za yule Damari.

Lakini Jumamosi ile bado nilikuwa na jambo. Nilichungulia nyuma ya mlango nikaona begi halipo. Nikageuka haraka, na ndipo nilipoona kamba ya nguo imejaa kuanzia ukutani mpaka kwenye nguzo: kanga, magauni, baibui, mtandio, mpaka soksi za kuendea Kondoa. Bibi Penina alikuwa bado na povu kwenye viwiko. Mama mkwe, tena mzee yule, kamfulia mkamwana wake. Huku kwetu hilo halifanyiki, na likifanyika halisemwi.

Aliona ninavyotazama. Akajifuta mikono kwenye kanga yake.

"Nguo zikikaa kwenye begi zinavunda," akasema. "Mwambie Yohana mke wake hana nguo ya kusafiria. Zote ni mbichi."